Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Wajumbe wa Tume Kuu ya Ukaguzi ya Chama cha Kikomunisti cha Umoja wa Kisovieti

Anayesoma wasifu wa viongozi wa Kisovieti hakawii kukutana na mstari kama huu: "mjumbe wa Tume Kuu ya Ukaguzi, 1971–1976". Wengi huuruka, na wengine hudhani huyo alikuwa mhasibu wa chama. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa na wanafunzi wa historia na siasa, pamoja na watu wanaotayarisha maandishi kuhusu zama zile. Pale jibu moja linapotegemea jingine, tumeelekeza msomaji badala ya kurudia.

## Misingi

Tume Kuu ya Ukaguzi ilikuwa chombo gani?

Kilikuwa chombo cha ndani cha Chama cha Kikomunisti cha Umoja wa Kisovieti, kilichochaguliwa na Mkutano Mkuu wa chama. Katiba ya chama ilikipa kazi mbili. Kwanza, kuangalia kama shughuli ndani ya vyombo vya juu vya chama zinakwenda haraka na kwa utaratibu: barua zinajibiwa, mafaili hayalali mezani, maamuzi yanawafikia wahusika. Pili, kukagua hazina ya Kamati Kuu (iliyokiongoza chama kati ya Mkutano Mkuu mmoja na mwingine) pamoja na miradi yake ya uchumi, hasa nyumba za uchapishaji.

Kwa maandishi hayo, wakaguzi walisimama bega kwa bega na Kamati Kuu. Wote walipewa mamlaka na Mkutano Mkuu, na wote waliwajibika kwake. Kasoro ilikuwa kwamba orodha ya wakaguzi iliandaliwa na walewale ambao hesabu zao zilipaswa kukaguliwa. Karibu kila jambo la ajabu kuhusu Tume hii linaanzia hapo, soma "Mtu aliingiaje?"

Ilianza lini na kuisha lini?

Ukaguzi wa ndani ulikuwepo tangu miaka ya mapinduzi. Mkutano Mkuu wa 8, Machi 1919, ulichagua wakaguzi watatu tu. Kati yao walikuwamo Anatoly Lunacharsky, aliyekuwa kamisaa (cheo cha waziri wakati huo) wa elimu, na Dmitry Kursky, kamisaa wa sheria. Ni kusema kwamba tangu mwanzo mkaguzi wa chama alikuwa pia kigogo wa serikali, na hakuna aliyeona shida.

Tume iliendelea hadi Mkutano Mkuu wa 28, Julai 1990, ulioiunganisha na Kamati ya Udhibiti wa Chama na kuunda chombo kimoja kipya, Tume Kuu ya Udhibiti. Chama chenyewe kilisimamishwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1991, na Novemba mwaka huo Boris Yeltsin, rais wa Urusi, akakipiga marufuku katika ardhi ya Urusi.

Ina tofauti gani na Kamati ya Udhibiti wa Chama?

Hili ndilo swali linalochanganya watu kuliko yote, na kosa hilo limo hata katika vitabu.

Kamati ya Udhibiti ilishughulika na watu. Mwanachama aliyekula rushwa, aliyelewa kazini, aliyeficha jambo katika wasifu wake au aliyekwenda kinyume na msimamo wa chama alijikuta mbele yake, na aliyefukuzwa mkoani alikata rufaa kwake. Iliweza kumnyang'anya mtu kadi ya chama, na katika nchi ile kunyang'anywa kadi kulimaanisha kupoteza kazi, marafiki, pengine na nyumba. Arvīds Pelše aliiongoza kuanzia 1966 hadi kifo chake mwaka 1983 akiwa mjumbe wa Politburo, kundi dogo la juu kabisa la viongozi wa chama. Hiyo inakuonyesha uzito wake.

Tume ya Ukaguzi ilishughulika na karatasi na fedha. Haikumfukuza mtu, haikusikiliza rufaa, haikutoa karipio. Ilikagua na kutoa taarifa, basi.

Lakini angalia nani alimweka nani. Kamati ya Udhibiti, yenye meno, iliundwa na Kamati Kuu, kwa hiyo ilikuwa mkono wake. Tume ya Ukaguzi, isiyo na meno, ilichaguliwa na Mkutano Mkuu na kwa maandishi haikuwa chini ya Kamati Kuu. Mwenye uhuru hakupewa nguvu, na mwenye nguvu hakupewa uhuru. Sidhani kama ni bahati mbaya.

Kuna chombo cha tatu kinachozidisha utata: Tume Kuu ya Udhibiti ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1920. Hiyo ndiyo Lenin aliyopendekeza mwaka 1923 iongezewe wajumbe na kuunganishwa na Ukaguzi wa Wafanyakazi na Wakulima, idara ya serikali iliyojulikana kama Rabkrin. Ilikuwa na nguvu kubwa kwa miaka kadhaa, kisha Mkutano Mkuu wa 17 wa mwaka 1934 ukaifuta na kuweka badala yake chombo kilicho chini ya Kamati Kuu, Lazar Kaganovich akiwa mkuu wake wa kwanza. Tume ya Ukaguzi, ambayo haikumtisha mtu, haikuguswa.

Je, ilikagua pia hesabu za serikali?

Hapana. Wizara, viwanda na mashamba ya ushirika vilikuwa na wakaguzi wao wa fedha, na juu yao, kuanzia 1965, kulikuwa na Kamati ya Udhibiti wa Wananchi. Tume iliishia kwenye mali ya chama.

## Kuingia katika Tume

Mtu aliingiaje?

Rasmi, kwa kura ya siri ya wajumbe wa Mkutano Mkuu katika kikao cha faragha, siku za mwisho za mkutano, palepale walipochagua Kamati Kuu. Kila jina lilipigiwa kura peke yake, na aliyepata zaidi ya nusu alipita.

Kwa vitendo, kazi ilikuwa imekwisha kabla wajumbe hawajaingia ukumbini. Majina yalipangwa na watumishi wa Kamati Kuu, yakapitiwa na Sekretarieti, yakaidhinishwa na Politburo, kisha yakaletwa mbele ya viongozi wa misafara ya mikoa na jamhuri. Karatasi ya kura ilikuwa na majina sawasawa na nafasi zilizopo. Asiyemtaka mtu alilikata jina lake kwa kalamu. Hapakuwa na jina jingine la kuweka badala yake. Kwa hiyo mjumbe wa Tume, hata akijua kabisa kwamba katiba inamtaka awajibike kwa Mkutano Mkuu, alijua vilevile ni meza gani iliyoandika jina lake, na ni meza gani inayoweza kulisahau safari ijayo.

Mtu angeweza kuomba nafasi hiyo?

Hakukuwa na fomu wala kampeni. Kujipendekeza waziwazi kungemharibia. Mtu alipewa cheo fulani cha kazi, na cheo hicho ndicho kilicholivuta jina lake kwenye orodha.

Ilibidi awe mhasibu?

La. Ukiangalia miongo ya mwisho utakuta makatibu wa mikoa, manaibu waziri, mabalozi, majenerali, wakuu wa idara za Kamati Kuu, wahariri, na kwa ajili ya picha nzuri, wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya ushirika waliopata nishani. Kazi halisi ya kufungua vitabu vya hesabu ilifanywa na watumishi wachache wa kudumu pamoja na wataalamu walioalikwa.

Wenyeviti wa mwanzo walikuwa na uzoefu wa kweli wa mambo ya uendeshaji. Viktor Nogin, aliyeongoza Tume mwanzoni mwa miaka ya 1920, alikuwa pia mkuu wa sindiketi ya nguo ya Urusi nzima, biashara kubwa kwelikweli wakati wa sera mpya ya uchumi. Alijua shehena inapotea wapi na kwa nini barua haijibiwi. Alifariki Mei 1924, na mji wa Noginsk karibu na Moscow unaitwa kwa jina lake. Mikhail Vladimirsky, aliyefuata baadaye, alikuwa daktari kwa taaluma, na kati ya 1930 na 1934 alikuwa kamisaa wa afya wa Urusi.

Walikuwa wangapi?

Idadi iliwekwa na kila Mkutano Mkuu, na ilipanda pamoja na ukubwa wa watu wa kuridhisha. Kutoka watatu wa 1919 walifika 22 mwaka 1934, 50 mwaka 1939, wakashuka hadi 37 mwaka 1952, kisha 63 mwaka 1956, 65 mwaka 1961, 79 mwaka 1966, 81 mwaka 1971, 85 mwaka 1976, 75 mwaka 1981, na 83 mwaka 1986.

Ili kupata kipimo: mwaka huo wa 1986 Kamati Kuu ilikuwa na wajumbe kamili 307 na wajumbe watarajiwa, yaani wasio na kura, 170. Wakaguzi 83 walikuwa duara la tatu na la nje la kundi hilo. Soma "Kwa nini watu waliithamini?"

Wanawake waliingia?

Waliingia, wachache. Nonna Muravyova aliiongoza Tume kuanzia 1961 hadi 1966. Wakati huo wanawake katika ngazi za juu za chama walihesabika kwa vidole, kwa hiyo hilo si dogo. Ila wakosoaji wana haki kuuliza kwa nini mlango uliofunguka ulikuwa wa chombo hiki na si kingine.

## Kazi ya kila siku

Ilikagua fedha zipi hasa?

Chanzo kinachojulikana zaidi ni ada za wanachama. Katiba ya chama ya mwaka 1961 iliweka viwango kufuata mapato: aliyepata hadi rubli 50 kwa mwezi alilipa kopeki 10, rubli 51 hadi 100, nusu asilimia, 101 hadi 150, asilimia 1, 151 hadi 200, asilimia 1.5, 201 hadi 250, asilimia 2, 251 hadi 300, asilimia 2.5, na zaidi ya 300, asilimia 3. Anayejiunga alitoa kwanza kiingilio cha asilimia 2 ya mapato yake ya mwezi.

Chukua mfano. Fundi wa mashine mwenye mshahara wa rubli 120 alilipa rubli 1 na kopeki 20. Mhandisi wa rubli 180 alilipa rubli 2 na kopeki 70. Mkurugenzi wa rubli 320 alilipa rubli 9 na kopeki 60. Kila mwezi katibu wa tawi alipokea fedha hizo, akaandika kwenye kadi ya mwanachama kiasi cha mapato na ada iliyolipwa, akatia saini. Jumla ikapanda kutoka tawi hadi wilaya, hadi mkoa, hadi juu. Anayedanganya mshahara wake ili alipe kidogo aligundulika kwa kulinganisha kadi na orodha ya malipo kazini. Asiyelipa miezi mitatu bila sababu ya maana alijadiliwa na tawi lake na aliweza kuhesabiwa kuwa amejiondoa.

Zidisha hizo kopeki na rubli kwa wanachama wapatao milioni 19 wa katikati ya miaka ya 1980, upate picha ya mto uliokuwa unaingia hazina. Juu yake kulikuwa na faida ya uchapishaji wa magazeti, majarida na vitabu, ambayo haikuwa ndogo: gazeti la chama kama Pravda liliuzwa kwa mamilioni ya nakala.

Mjumbe wa kawaida alifanya nini kati ya mkutano mmoja na mwingine?

Kwa wengi, kidogo. Balozi aliye Ulaya au katibu wa mkoa ulio mbali na Moscow hangeweza kukaa na vitabu vya hesabu. Alihudhuria vikao vya Tume, alisikiliza, aliidhinisha. Wachache walipewa eneo la kuangalia, mfano namna idara fulani inavyoshughulikia barua za wananchi.

Barua hizo si jambo la kupuuza. Watu waliandikia Kamati Kuu kuhusu nyumba inayovuja, pensheni iliyokwama, meneja mwizi. Kama Tume ilikuwa na sehemu ambayo kazi yake iliweza kumgusa mtu wa kawaida, ni hapa kwenye kuuliza barua ya mwaka jana imefika wapi.

Ripoti yake ilisomwa wapi?

Mbele ya Mkutano Mkuu, mara baada ya ripoti ya Kamati Kuu. Katika Mkutano wa 26, uliofunguliwa tarehe 23 Februari 1981, Leonid Brezhnev, Katibu Mkuu wa chama, alitoa ripoti ya Kamati Kuu na Gennady Sizov akasoma ya Tume ya Ukaguzi. Wajumbe waliipitisha.

Ripoti za Sizov, aliyekuwa mwenyekiti kwa miaka 20 kuanzia 1966, zilifuata mkondo uleule: ada zinakusanywa vizuri, matumizi yanafuata bajeti, uchapishaji unaleta faida, kuna kasoro ndogondogo mahali fulani zinazorekebishwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 mkutano ulikuwa bado ukumbi wa mabishano na ripoti ya mkaguzi iliweza kuamsha maswali. Tofauti ya vipindi hivyo viwili ni kubwa kuliko mabadiliko yoyote ya maneno ya katiba.

Walilipwa?

Mwenyekiti na watumishi wa ofisi walikuwa waajiriwa. Wajumbe wengine waliendelea na mishahara ya kazi zao.

Walikuwa na kura katika Kamati Kuu?

Hapana. Walialikwa kwenye vikao vya wajumbe wote wa Kamati Kuu, wakakaa, wakasikia yote, lakini kura ilikuwa ya wajumbe kamili peke yao. Hata wajumbe watarajiwa hawakupiga kura.

Kusikia tu kulikuwa na thamani yake. Katika nchi ambayo magazeti yaliandika nusu ya jambo na raia akajaza nusu nyingine kwa uvumi, mtu aliyekuwa ukumbini uliposomwa uamuzi wa kumwondoa kiongozi alijua kitu ambacho jirani yake angekipata baada ya wiki, tena kikiwa kimekunjwa.

## Cheo na ngazi

Kama kazi ilikuwa ndogo, kwa nini watu waliithamini?

Kwa sababu ilikuwa ngazi. Mfumo wa vyeo wa Kisovieti uliweka kila wadhifa muhimu katika daraja lake. Katibu wa mkoa mkubwa alitarajiwa kuwa mjumbe kamili wa Kamati Kuu. Wa mkoa mdogo zaidi, mjumbe mtarajiwa. Naibu fulani au balozi fulani, mjumbe wa Tume ya Ukaguzi. Mtu aliyetajwa kwenye orodha ya Tume alikuwa ameambiwa hadharani kwamba ameingia katika kundi la watu mia chache wanaohesabika.

Georgy Arbatov, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti kuhusu Marekani na Kanada, aliingia Tume mwaka 1971, akawa mjumbe mtarajiwa wa Kamati Kuu mwaka 1976, na mjumbe kamili mwaka 1981. Hatua moja kila mkutano. Anatoly Chernyaev, ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Kisovieti, kwa mambo ya nje, aliingia Tume mwaka 1976 na kupanda kwa njia hiyohiyo.

Yuri Churbanov naye alikuwa mjumbe kuanzia 1976 hadi 1981, kisha mjumbe mtarajiwa wa Kamati Kuu. Sifa yake iliyojulikana zaidi ni kuwa mkwe wa Brezhnev. Mwaka 1988 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 12 kwa rushwa. Mkaguzi wa chama!

Je, iliweza pia kuwa njia ya kumshusha mtu kwa heshima?

Ndiyo, hasa kiti cha mwenyekiti. Ivan Kapitonov alikuwa katibu wa Kamati Kuu kwa miaka 20, na kwa muda mrefu alishughulikia uteuzi wa makada. Mwaka 1986, Gorbachev alipokuwa anabadili safu, Kapitonov aliondolewa usekretari na kupewa uenyekiti wa Tume, akakaa hadi 1988. Hakufedheheshwa, hakupelekwa ubalozi wa mbali, jina lake lilibaki kwenye orodha. Lakini kila mtu Moscow alielewa kwamba mzee ameonyeshwa kiti cha kupumzikia.

Kuna sura nyingine ya jambo hilo. Alexander Yakovlev alikuwa mjumbe wa Tume kuanzia 1971. Mwaka 1972 aliandika makala iliyowaudhi wakubwa, na 1973 akapelekwa kuwa balozi Kanada. Aliendelea kuwa mkaguzi wa hazina iliyo Moscow akiwa Ottawa, hadi Mkutano wa 1976 ulipofika na jina lake halikuonekana tena. Kushushwa kulikuwa hivyo: ukimya wa orodha.

## Hali zisizo za kawaida

Ilikuwaje Mkutano Mkuu ulipokosa kuitishwa?

Hili ndilo tundu kubwa zaidi katika mfumo mzima. Tume iliwajibika kwa Mkutano Mkuu tu. Mkutano usipoitishwa, wakaguzi hawana wa kumpelekea ripoti.

Ndivyo ilivyotokea. Mkutano wa 18 ulifanyika Machi 1939, na wa 19 ukasubiri hadi Oktoba 1952. Katikati kulikuwa na vita, lakini vita viliisha 1945 na bado miaka saba ikapita. Tume ya watu 50 iliyochaguliwa 1939 ilibaki na mamlaka yake kwa zaidi ya miaka 13. Mwenyekiti wake, Vladimirsky, alifariki mwaka 1951 bila kupata tena mkutano wa kuusomea ripoti. Nafasi yake ikashikwa na Pyotr Moskatov kuanzia 1952.

Katiba haikumpa mkaguzi haki ya kuuita Mkutano Mkuu mwenyewe kwa njia ambayo ingeweza kutumika mbele ya Stalin. Wala hakuna aliyejaribu.

Kuwa mjumbe wa Tume kuliwalinda watu wakati wa ukandamizaji wa Stalin wa 1937–1938?

Hakukumlinda mtu. Khrushchev, kiongozi wa chama baada ya Stalin, alieleza mwaka 1956 kwamba kati ya wajumbe kamili na watarajiwa 139 wa Kamati Kuu waliochaguliwa 1934, 98 walikamatwa na kupigwa risasi. Wakaguzi waliochaguliwa mkutano huohuo hawakusalimika. Baadhi yao waliuawa katika miaka hiyohiyo. Vladimirsky alinusurika.

Nini kilitokea Aprili 1989?

Tarehe 25 Aprili 1989, katika kikao cha Kamati Kuu, watu 110 walijiuzulu kwa mpigo: wajumbe kamili 74, watarajiwa 24, na wajumbe 12 wa Tume ya Ukaguzi. Andrei Gromyko, waziri wa mambo ya nje wa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa walioondoka. Wengi walikuwa wamekwisha staafu kazi zao na wakabaki na cheo cha chama tu, kwa sababu Kamati Kuu haikuweza kubadilishwa nje ya Mkutano Mkuu isipokuwa wenyewe wakubali kuondoka. Ni mfano mzuri wa kile tulichoeleza kuhusu vyeo: kazi imekwisha, jina bado liko kwenye orodha.

Na "dhahabu ya chama", hazina inayosemekana ilifichwa? Wakaguzi walijua?

Fedha za chama zilishikwa na Idara ya Uendeshaji ya Kamati Kuu. Nikolai Kruchina aliiongoza kuanzia 1983. Tarehe 26 Agosti 1991, siku chache baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, alikufa kwa kuanguka kutoka dirisha la nyumba yake Moscow. Mtangulizi wake, Georgy Pavlov, alikufa kwa namna hiyohiyo Oktoba mwaka huo. Vifo hivyo viwili vilizaa hadithi nyingi kuhusu hazina iliyofichwa nje ya nchi, na hadithi hizo bado zinauza magazeti.

Kwa upande wa Tume, jambo la kukumbuka ni tarehe. Ilikuwa imevunjwa Julai 1990, kabla ya mwaka wa mwisho wa chama, mwaka ambao mali ilihamishwa na kampuni zilianzishwa kwa haraka. Anayeilaumu Tume Kuu ya Ukaguzi kwa yaliyotokea 1991 analaumu chombo ambacho hakikuwepo. Miaka ya nyuma, misaada kwa vyama rafiki vya nje ilipitia mfuko maalumu ulioundwa 1950, ukasimamiwa na Idara ya Kimataifa, fedha zikipelekwa na KGB, idara ya ujasusi. Hayo hayakuwa mambo ya kusomwa kwa sauti mbele ya Mkutano Mkuu.

Mikoani kulikuwa na tume kama hizi?

Ndiyo. Jamhuri, mikoa, miji na wilaya zilichagua tume zao za ukaguzi katika mikutano yao. Huko chini kazi ilikuwa ya kweli zaidi, kwa sababu upungufu wa rubli 40 katika sanduku la wilaya huonekana, na mwenye ufunguo wa sanduku anajulikana kwa jina.

Vyama vingine vya kikomunisti vilikuwa na chombo hiki?

Vingi viliiga. Ujerumani Mashariki ilitenganisha viwili kama Moscow: tume ya udhibiti, iliyoongozwa na Hermann Matern na baadaye Erich Mückenberger, na tume ya ukaguzi, ambayo Kurt Seibt aliiongoza kuanzia 1967 hadi 1989. Poland nayo ilikuwa na tume mbili.

Czechoslovakia iliviunganisha, na matokeo yake ni ya kutazamwa. Miloš Jakeš alishika tume ya pamoja ya udhibiti na ukaguzi mwaka 1968, mwaka ambao majeshi ya Mkataba wa Warsaw (Umoja wa Kisovieti na washirika wake) yaliingia nchini. Tume hiyo ndiyo iliyosimamia usafishaji wa chama, watu kwa malaki wakapoteza kadi zao. Jakeš baadaye akawa Katibu Mkuu. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuunganisha ukaguzi na nidhamu huongeza uwazi aangalie kwanza Prague.

Chombo hiki kipo leo?

Chama cha Kikomunisti cha Shirikisho la Urusi, kilichojiunda upya mwaka 1993, kina Tume Kuu ya Udhibiti na Ukaguzi, yaani kazi zote mbili chini ya paa moja.

Wasifu unasema mtu alikuwa mjumbe wa "Tume Kuu ya Udhibiti", 1990–1991. Ndiyo hii?

Siyo. Hiyo ni ile iliyozaliwa Julai 1990 kwa muungano uliotajwa katika "Ilianza lini na kuisha lini?" Mkuu wake wa kwanza, Boris Pugo, aliteuliwa Desemba 1990 kuwa waziri wa mambo ya ndani, akawa mmoja wa viongozi wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1991, na akajiua lilipoanguka. Ukikuta miaka 1920 hadi 1934 kwa jina hilohilo, ni chombo kingine tena, kile cha zama za Lenin. Miaka yoyote kabla ya Julai 1990 yenye neno "Ukaguzi" ndiyo Tume tuliyoizungumzia hapa.